Hajui Maneno au Hajui Kusoma? Tunayoweza Kujifunza Kutokana na Upimaji wa Kiingereza Miongoni mwa Wanafunzi Wachina wa Vyuo Vikuu

Mwalimu mwenzangu, bila shaka umewahi kusahihisha jibu la swali la dondoo ambalo mtahiniwa ameliandika kwa hati safi, akataja msemaji, akataja msemewa, mahali na sababu, akazoa alama zake nne za muktadha, kisha alipofika kwenye maudhui akapotea kabisa. Katika alama ishirini ana nne. Pembeni tunaandika: "Soma kitabu." Huenda kitabu amekisoma. Huenda amekisoma mara mbili. Tusichokijua ni kitu kilichomzuia kukielewa, na alama nne hizo hazituambii lolote. Je, maneno ya mwandishi yalimshinda? Au maneno anayajua, ila kwa maana moja tu aliyoikariri? Au anayajua vyema lakini anasoma polepole kiasi kwamba afikapo mwisho wa aya mwanzo wake umekwisha kumtoka akilini?

Makala haya yanadhamiria kueleza jinsi wataalamu wa upimaji wa lugha wanavyoyatenganisha maswali hayo matatu. Mfano tutakaoutumia unatoka mbali: wanafunzi wa vyuo vikuu ambao lugha yao ni Kichina na ambao wanajifunza Kiingereza. Nimeuchagua mfano huu makusudi. Mfaransa anapokutana na neno la Kiingereza "nation" au "table", tayari ana neno la kwao linalofanana nalo kwa umbo na maana. Mchina hana jamaa kama hao. Maandishi ya lugha yake si ya alfabeti, na maneno yake kwa jumla hayabadiliki umbo ili kuonyesha wakati, nafsi au wingi. Kwa hiyo udhaifu wa kipimo ambao kwa wanafunzi wengine hufichika, kwake hujitokeza waziwazi.

Isitoshe, China ina mtihani mmoja mkubwa mno wa Kiingereza cha vyuoni, unaojulikana kwa kifupi kama CET. Ngazi yake ya nne ilianza mwaka 1987 na ngazi ya sita mwaka 1989. Hufanywa mara mbili kwa mwaka, Juni na Desemba, na mamilioni ya vijana wanaosomea uhandisi, udaktari, kilimo na kadhalika. Kwa miaka mingi vyuo kadha wa kadha vilishikilia kwamba asiyepita ngazi ya nne hapati shahada. Hebu fikiria mwanafunzi aliyefuzu somo lake la ujenzi wa madaraja anayenyimwa shahada kwa sababu ya kifungu cha ufahamu! Mageuzi ya mwaka 2005 yaliondoa alama ya kupita ya 60 kwa 100 na kuleta mizani ya alama 710. Hata hivyo, 425 ndiyo inayohitajika ili mtu aruhusiwe kufanya ngazi ya sita, na watu wameendelea kuiita alama ya kupita. Mazoea hayafutwi kwa waraka.

Katika mageuzi hayohayo sehemu ya maswali ya kuchagua ya msamiati na sarufi, ambayo ilikuwa ikijitegemea, iliondolewa. Msamiati sasa hupimwa ndani ya vifungu. Sehemu ya usomaji ina uzito wa asilimia 35. Kuna kifungu chenye mapengo kumi ambayo mtahiniwa huyajaza kwa kuchagua katika maneno kumi na matano, kuna kifungu kirefu ambacho sentensi kumi huoanishwa na aya zake, na kuna vifungu viwili vya kusomwa kwa makini vyenye maswali matano kila kimoja. Zoezi la mapengo linastahili kutazamwa kwa karibu. Kwa kuwa maneno ya ziada ni matano, na kwa kuwa nomino, vitenzi na vivumishi vimechanganywa, mwanafunzi hawezi kuponea kwenye maana ya kamusi peke yake. Sharti asome sentensi, ajue pengo linadai aina gani ya neno, kisha achague. Kwa maoni yangu hili ni zoezi bora kuliko mengi tunayoyaweka katika mitihani ya mwisho wa muhula.

Lakini mwanafunzi anahitaji maneno mangapi kabla ya kuketi kwenye mtihani huo? Mwongozo wa wizara ya elimu ya China wa mwaka 2007 ulitaja idadi kwa usahihi wa kustaajabisha: maneno 4,795 na vifungu vya maneno 700 kwa kiwango cha msingi, maneno 6,395 kwa kiwango cha kati, na 7,675 kwa kiwango cha juu. Tarakimu kama hizi hupendeza machoni mwa watunga sera. Matokeo yake darasani ni kwamba wanafunzi huzikimbilia orodha. Huko China kuna vijitabu vya msamiati wa mtihani ambavyo hubebwa kila mahali, na vingi huanza kwa neno "abandon", yaani kuacha au kutelekeza. Wanafunzi wenyewe hutania kwamba hilo ndilo neno wanalolijua kuliko yote, kwa sababu kila wanapokata tamaa na kuanza upya, huanzia hapo hapo.

Basi wataalamu huhesabuje maneno anayoyajua mtu? Paul Nation wa New Zealand alichapisha mwaka 1983 jaribio la viwango vya msamiati ambalo lilikuja kutumika sana, na toleo lililoboreshwa na Schmitt, Schmitt na Clapham likatoka mwaka 2001. Maneno hupangwa kulingana na jinsi yanavyojitokeza mara kwa mara katika matini: elfu mbili ya kwanza, elfu tatu, elfu tano, elfu kumi, na kundi la maneno ya kitaaluma. Kila swali lina maneno sita na maana tatu, mwanafunzi huoanisha. Mwaka 2007 Nation na Beglar walitoa jaribio la aina nyingine, lenye maswali 140 ya kuchagua jibu moja kati ya manne. Maswali kumi huwakilisha kila elfu ya familia za maneno, hivi kwamba idadi ya majibu sahihi ukiizidisha kwa mia moja unapata makadirio ya familia anazozijua mtu. Yapo matoleo ambayo majibu yake yameandikwa kwa lugha ya kwanza ya mwanafunzi, Kichina kikiwemo. Sababu yake ni ya msingi sana: jibu likiandikwa kwa Kiingereza kigumu, mwanafunzi anaweza kulijua neno lenyewe na kushindwa na maelezo yake.

Jaribio hili la pili ni rahisi kusahihisha, lakini lina mtego. Chukua mwanafunzi anayejua familia 5,000 kwa kweli. Atapata maswali 50 kwa kujua. Yanabaki 90. Akiyabahatisha yote, kwa kuwa kila swali lina majibu manne, anaweza kuambulia 22 hivi kwa bahati tu. Jumla ni 72, nasi tutatangaza kwamba anajua familia 7,200. Tumempa zaidi ya elfu mbili za bure! Kisha tutashangaa kwa nini mtu mwenye msamiati mkubwa namna hiyo hafahamu anachokisoma. Jaribio la kuoanisha hupunguza bahati nasibu hiyo kwa kuwa maneno ni sita na maana ni tatu.

Njia ya tatu ni kumpa mwanafunzi orodha aweke alama mbele ya maneno anayoyajua, huku maneno ya uongo yakiwa yamefichwa humo. Meara na Buxton waliieleza mwaka 1987. Kwa Kiswahili unaweza kuchomeka "ubangefu" na "kutinyuka" katikati ya maneno halisi. Anayedai kuyajua hayo, madai yake mengine unayapunguza.

Jaribio la kuoanisha unaweza kulitunga mwenyewe kwa kitabu teule unachokifundisha. Teua nomino sita kutoka sura moja: ghadhabu, ufukara, tamaa, usaliti, hekima, fitina. Kisha toa maana tatu tu: hasira kali, hali ya kukosa mali, maneno ya kugombanisha watu. Angalia mambo mawili. Maneno yote ni ya aina moja ya ngeli au walau yote ni nomino, ili sarufi isimfichulie jibu. Na maneno yaliyotumiwa katika maana ni mepesi kuliko yale yanayopimwa. Ukiandika kwamba ghadhabu ni "ghaidhi", umepima kitu kingine.

Tumetaja familia ya maneno, na hapa pana utata ambao mfano wa Wachina unauangaza vizuri. Katika hesabu ya Nation, neno la msingi na vinyambuliko vyake huhesabiwa kuwa kitu kimoja. Inachukuliwa kwamba anayejua neno la Kiingereza lenye maana ya kuamua atatambua pia uamuzi, enye kuamua upesi na asiyeweza kuamua. Kichina huunda maneno mengi kwa kuunganisha mizizi miwili, si kwa kupachika viambishi vingi, kwa hiyo dhana hii kwa Mchina haina uhakika. Schmitt na Zimmerman (2002) waliwachunguza wanafunzi wa Kiingereza kama lugha ya pili na kuona kwamba ni nadra mtu kujua nomino, kitenzi, kivumishi na kielezi vya familia moja vyote kwa pamoja. Kwetu sisi jambo hili ni kubwa zaidi. Lima, limia, limishwa, mkulima, kilimo, ukulima: je, haya ni maneno sita au moja? Mwanafunzi wa kidato cha kwanza anaweza kujua kulima na kilimo lakini akakwama kwenye "waliolimishwa". Anayetaka kuhesabu msamiati wa Kiswahili sharti aamue swali hili kwanza, na aseme ameamua vipi.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo naona lina uzito kuliko idadi, nalo ni kina cha ujuzi wa neno. Katika Kichina kipo kitenzi "kai". Hutumika kwa kufungua mlango, kwa kuwasha taa, kwa kuendesha gari na hata kwa kufanya mkutano. Mwanafunzi aliyekariri kwamba "kai" ni "open" atapata swali lake la kuchagua bila tatizo. Kisha ataandika kwa Kiingereza kwamba amefungua taa, na akikutana na matumizi mengine ya neno hilo katika kifungu, mathalani mtu mwenye mawazo yaliyo wazi au swali ambalo bado halijaamuliwa, atalazimisha maana ya mlango. (Tusimcheke sana, hapa kwetu pia watu hufungua redio.) Ujuzi wake ni mpana lakini hauna kina.

John Read alibuni jaribio la kupima jambo hili katika miaka ya 1990. Mwanafunzi hupewa kivumishi kimoja na makundi mawili ya maneno manne. Katika kundi la kwanza huchagua yale yanayokaribiana nacho kwa maana. Katika la pili, nomino zinazoweza kuandamana nacho. Hebu tulijaribu kwa Kiswahili. Kivumishi ni "-kali". Kundi la kwanza lina: enye makali, chungu, pana, enye hasira. Kundi la pili lina: jua, kisu, kitanda, mbwa. Anayejua neno "-kali" kwa kina atatambua kwamba jua, kisu na mbwa vyote vinaweza kuwa vikali, kila kimoja kwa namna yake. Anayejua maana moja atachukua kisu na kuacha mengine.

David Qian aliitumia aina hii ya jaribio mwaka 1999 akiwachunguza wazungumzaji wa Kikorea na Kichina waliokuwa wakijifunza Kiingereza nchini Kanada. Aligundua kwamba upana wa msamiati, kina chake na alama za ufahamu vinahusiana kwa karibu. Lakini pia aliona kwamba kina kiliongeza kitu cha pekee katika kutabiri ufahamu, kitu ambacho idadi ya maneno haikukieleza. Mwalimu wa fasihi hana haja ya kushawishiwa sana kuhusu hili. Tamathali za usemi zinaishi hasa katika kina cha maneno. Mwanafunzi ambaye kwake "kivuli" ni giza linaloangushwa na mti, na basi, hataona kinaya mhusika anapoambiwa kwamba amebaki kivuli cha baba yake. Ukimpima kwa orodha utampa alama zote. Ukimpima kwa swali la jazanda utampa sufuri. Alama zote mbili ni za haki, kila moja kwa kile ilichokipima.

Lipo suala la tatu, nalo ni kasi ya kulitambua neno. Mwongozo wa 2007 niliokwisha kuutaja ulidai kasi ya maneno 70 kwa dakika katika kiwango cha msingi, na 100 kwa matini ndefu zilizo nyepesi. Vifungu vya usomaji vya ngazi ya nne ukivijumlisha vinafika takribani maneno 1,800, na muda wake ni dakika 40. Anayesoma maneno 70 kwa dakika atatumia dakika 26 hivi kwa kusoma mara moja tu, zikabaki 14 za maswali thelathini. Hana nafasi ya kurudi nyuma. Mtihani huu, hata kama haukukusudia, unapima mbio pamoja na ufahamu.

Kwa nini Mchina aliyeelimika, anayesoma gazeti la kwao kwa wepesi, asome Kiingereza polepole hivyo? Sehemu moja ya jibu iko katika maandishi. Anayesoma Kichina cha kawaida amezoea herufi-picha kama 3,500, kila moja ikiwa na silabi yake na maana yake, na hakuna nafasi inayoachwa kati ya neno na neno. Jicho lake limefunzwa kulitazama umbo zima. Nobuhiko Akamatsu (1999) aliwapa wasomaji wa Kiingereza maneno yaliyoandikwa kwa kuchanganya herufi kubwa na ndogo, kama mtu angeandika "mWaNaFuNzI". Wachina na Wajapani walitatizwa zaidi kuliko Wairani, ambao lugha yao ina alfabeti. Utafiti wa Wang, Koda na Perfetti (2003) nao ulionyesha kwamba Wachina hutegemea zaidi umbo la tahajia, ilhali Wakorea hutegemea zaidi sauti. Ndiyo maana maneno yanayofanana kwa umbo, kama "adapt" na "adopt", huwa ni mtego wa daima. Wanafunzi wetu hawana tatizo la maandishi ya aina hiyo, lakini mtego wanaujua: hasira na hasara, ajali na ajili, karibia na karipia. Neno moja likisomwa visivyo, aya nzima hugeuka.

Hebu sasa turudi kwenye swali la ni maneno mangapi yanatosha. Hu na Nation (2000) walichukua hadithi nyepesi ya kubuni, si makala ya sayansi, wakabadilisha sehemu ya maneno yake yasieleweke. Maneno yaliyojulikana yalipokuwa asilimia 80, hakuna aliyeielewa hadithi ipasavyo. Katika asilimia 95 baadhi walielewa. Hitimisho lao lilikuwa kwamba ili mtu asome hadithi bila msaada anahitaji kujua takriban asilimia 98 ya maneno yake. Katika ukurasa wa maneno 300 hayo ni maneno sita tu yasiyojulikana. Kwa asilimia 95 yanakuwa kumi na tano. Nation (2006) alikadiria kwamba riwaya na magazeti ya Kiingereza hudai familia kati ya 8,000 na 9,000 ili kufikia kiwango hicho. Linganisha na yale 4,795 ya mwongozo, nawe utaelewa kwa nini mwanafunzi aliyetimiza masharti ya wizara bado anatoa jasho mbele ya riwaya.

Asilimia hizi tusizihamishe kwa Kiswahili jinsi zilivyo. "Hatujawaandikia" ni neno moja kwetu, lakini Mwingereza hulisema kwa maneno matano au sita. Mwanafunzi akikwama kwenye neno moja la aina hiyo amepoteza zaidi ya neno. Hata hivyo zoezi lenyewe linafaa. Nakili kurasa mbili za kitabu teule ambazo darasa halijafika, waambie wapigie mstari kila neno wasilolijua bila kuweka majina yao, kisha hesabu. Dakika kumi na tano zinatosha, na darasa la wanafunzi hamsini litakupa picha ambayo hakuna mtihani wa mwigo utakupa.

Ukishafanya hivyo, watenge wanafunzi wanaofeli fasihi kwa kutazama vipimo vitatu kando kando. Yupo anayepigia mstari maneno thelathini katika ukurasa. Huyo usimpe uhakiki zaidi, mpe hadithi fupi nyepesi kwa wingi na umjengee maneno. Yupo anayepigia mstari manne, akaoanisha maana zote, lakini akashindwa na zoezi la "-kali". Huyo anahitaji kuliona neno lilelile katika sentensi saba tofauti, na mashairi yatamsaidia kuliko orodha yoyote. Yupo wa tatu, ambaye hufaulu yote mawili ila humaliza nusu ya karatasi. Mpe kifungu kilekile mara mbili: leo kwa muda wa kawaida, wiki ijayo kwa muda maradufu. Alama zikipanda sana mara ya pili, tatizo lake ni kasi, na kasi huja kwa kusoma kurasa nyingi za maneno anayoyajua tayari. Zisipopanda, rudi kwenye vipimo viwili vya kwanza na utazame tena.